GPS ya mkononi baada ya miaka 4 ya bahari: kinachosumbua na kisichokuwa kosa lake

Nna GPS ya mkononi, kile kidude cha setelaiti kinachokuonyesha uko wapi, mwaka wa 4 sasa na swali ninaloulizwa kila nikishuka botini ni lile lile, hicho kidude kizuri ama ni utapeli, mbona fulani alinunua kikamzungusha bahari nzima akarudi petroli imekwisha na samaki hana. Sasa leo kusi imechafuka, boti iko juu mchangani, nna wakati, wacha niandike vizuri mara moja, nikiulizwa tena natuma hii.

Kwanza nlicho nacho. Ni ile ndogo ya kawaida inayoingia mfuko wa shati, skrini si ya rangi, inakula betri 2 za AA, ramani ndani haina ya maana, ni mstari wa pwani tu umechorwa juu juu. Kampuni siitaji kwasababu matatizo ntakayosema si ya kampuni moja, nimeshazishika za watu wengine za bei mara 3 ya yangu na mengi ni haya haya. Nlinunua mtumba, duka moja huko mjini, shilingi elfu 14, hakuna boksi, hakuna kitabu cha maelezo, na hapo ndo shida zilipoanza kwasababu mashine hii bila mtu wa kukuelekeza utaichukia siku ya kwanza.

Yule bwana aliiwasha ndani ya duka, juu yetu ghorofa 3 za watu, ikaandika inatafuta setelaiti, akasema ukifika nje itashika. Nikaibeba mpaka Kisauni. Nikaiwasha sebuleni, hakuna. Nikatoka nikakaa chini ya mwembe, robo saa, nusu saa, vile vijiti vya setelaiti vinapanda vinashuka na hakuna kitu, nikaamini nimeliwa pesa. Usiku ule skulala vizuri wallahi, elfu 14 ni pesa nyingi kwa mtu anayengojea mgao wa samaki.

Kumbe haikuwa mbovu. Setelaiti za GPS ziko juu kilomita elfu 20 na kitu, signo ikifika huku chini ni dhaifu mno, bati na zege vinaizuia kabisa na majani ya mwembe yaliyolowa mvua yanaipunguza. Alafu mashine iliyokaa miezi imezimwa, ama iliyotoka nchi nyingine, haijui ni setelaiti gani ziko juu ya kichwa chake saa hiyo, inabidi izisikilize upya. Kila setelaiti inarudia habari zake yenyewe kila sekunde 30, lakini ile ratiba kubwa ya setelaiti zote inachukua dakika 12 na nusu kuisha, na ukiwa unatembea nayo huku mara uko chini ya mti mara uko ndani ya matatu, kila mara inakatika. Asubuhi yake nikashuka nayo ufuoni, nikaiweka juu ya jiwe, sikuigusa, dakika ya 8 ikashika setelaiti 7. Tangu hapo, nikiiwasha kila siku mahali pale pale inachukua dakika moja haifiki.

Kwahivo ukinunua mtumba mwambie muuzaji mtoke nje, mahali panapoonekana mbingu, mkae nayo dakika 20. Asipokubali kutoka nje dakika 20 kwa mali ya elfu 14 muachie mali yake. Setelaiti 4 ndo chini kabisa ili ikupe mahali pamoja na urefu wa kwenda juu, ikishika 3 itakupa mahali kwa kubahatisha urefu, usiiamini bado.

Na angalia tarehe. Jirani yetu mmoja pale Mtwapa ana mashine kongwe kuliko yangu, mahali inaonyesha sawasawa lakini mwaka umerudi nyuma karibu miaka 20, akadhani imeingia maji. Haikuingia maji. GPS inahesabu wiki, haihesabu miaka, na hesabu ya asili ikifika wiki 1024 inaanza tena sifuri. Iligeuka Agosti 1999, ikageuka tena Aprili 2019, nyingine itakuwa Novemba 2038, sasa mashine ambayo haikupata softwea mpya inajiona bado iko zamani. Mahali hapaharibiki, lakini ule ukurasa wa mwezi na wa jua usiufuate hata kidogo. Sisi huku mwezi ndo unatupa bamvua na maji mafu, bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, ukifuata mwezi wa mwaka mwingine unarudi ukute mwamba uko nje na wewe uko upande wa pili.

Sasa nije kwenye tatizo lenyewe, hili ndo limefanya watu wengi waseme GPS inadanganya, na mimi nasema kwa moyo wangu wote haidanganyi, sisi tunasoma namba vibaya.

Ami yangu, ndo nahodha wangu, alipewa pointi, yaani namba za mahali, na rafiki yake wanayevua pamoja tangu ujana, mwamba wa tewa, mzuri, mzee alimpa kwa mapenzi. Alimsomea kwa simu, tatu, hamsini na nane, mia tano. Mimi ndo nlikuwa naandika. Mashine yangu ilikuwa imewekwa digrii, dakika na sekunde, ina nafasi mbili tu za mwisho, nikaandika 3 58 50. Mashine ya mzee ilikuwa imewekwa digrii na dakika zenye nukta, kwahivo alichosema ni 3 58.500, dakika hamsini na nane na nusu. Nusu dakika ni sekunde 30, si sekunde 50. Tofauti ni sekunde 20, unaona ni kidogo, lakini dakika moja ya latitudo, yaani kwenda kaskazini ama kusini, ni maili moja ya bahari, mita 1,852, na sekunde 20 ni thuluthi yake, yaani tulikuwa kusini ya mwamba kwa mita 600 na kitu. Tukatia nanga juu ya mchanga mtupu. Kutoka alfajiri mpaka dhuhuri tukapata changu wawili.

Ami akanyamaza njia nzima ya kurudi. Nyumbani akasema yule amenipa pointi ya uongo, kama hakutaka angesema hataki. Wakakaa karibu miezi miwili, wanasalimiana msikitini kwa mkono tu, hakuna mazungumzo. Mimi ilinikaa moyoni kwasababu ile pointi nliandika mimi. Nikaenda kwa mzee mwenyewe, shikamoo, marahaba, nikamuomba aniwashie mashine yake nione, tukaziweka mbili juu ya meza moja nje kwake, ya kwake inasoma namba zina nukta, ya kwangu ina sekunde, mahali ni pale pale pamoja. Hapo ndo nikaelewa. Nikamchukua ami mpaka pale na nikawaonyesha wote wawili. Mzee alicheka, ami akamshika mkono hakuuachia kwa muda. Ule mwamba tulienda wiki ile ile na tewa wako.

Kwahivo hili nalisisitiza. Kabla hujaandika pointi ya mtu yoyote muulize mashine yako imekaa vipi, kuna namna tatu, digrii zenye nukta, dakika zenye nukta, na sekunde. Simu nyingi zinatoa digrii zenye nukta, ule mwamba kwenye simu ni -3.975, na ile alama ya kutoa mbele maana yake ni kusini. Mtu akichukua 3 58.500 akaiandika kwenye mashine iliyowekwa digrii peke yake, 3.58500, atapelekwa kilomita 40 na zaidi, usawa wa Kilifi. Na mashine nyingi zikitoka kiwandani zinaanza na herufi N, kaskazini, sisi huku Mombasa tuko kusini ya ikweta, lazima ubadilishe iwe S. Usipobadilisha mshale utakwambia pointi yako iko karibu kilomita 880, na ukiangalia kwenye ramani ni ndani ya Ethiopia, kupita Moyale. Hiyo angalau unaijua haraka kwasababu ni mbali mno, ile ya mita 600 ndo mbaya, inaonekana ni kweli.

Kuna nduguye hii shida, wanaita datamu, yaani msingi ambao namba za ramani zinahesabiwa kutokea hapo, hii inawapata watu wa mashamba zaidi. Binamu yangu Kwale alikuwa na ile karatasi ya ramani ya zamani ya serikali, ya 1:50,000, akasoma namba za mahali kisima kilipoonyeshwa akaziweka kwenye mashine yangu, ikampeleka shamba la mtu mwingine kabisa na mwenye shamba hakufurahi. Zile karatasi zimechorwa kwa Arc 1960, GPS inakuja imewekwa WGS84, na kwa hapa Kenya tofauti ni mita 300 hivi kwenda kaskazini ama kusini. Unaingia setingi unabadilisha datamu iwe Arc 1960 unaposoma karatasi hiyo, ukimaliza unarudisha. Pointi zako za zamani hazihami ukibadilisha, hilo usiogope, ila ukisahau kurudisha alafu ukamsomea mwenzako namba ya mahali ulipo, unampa mahali pasipo. Ukiwa umekwama baharini unaita msaada hizo mita 300 ni nyingi sana usiku.

Sasa mshale. Hapa naomba msome polepole.

Ukichagua pointi na ukabonyeza kitufe cha kwenda, mashine inachora mstari kutoka ulipo mpaka pointi, mstari ulionyooka kama kunguru anavyoruka, haijui mwamba, haijui kisiwa, haijui kuna Shanzu hapo katikati ya njia. Sisi tunaegesha ndani ya mto wa Mtwapa. Pointi ya nyumbani nliimaki, yaani nliihifadhi kwenye mashine, pale pale tunapoegesha, nikaipa jina Nyumbani, nikaona nimefanya kazi nzuri. Siku moja tunarudi, maghribi imeingia, manyunyu, ami amechoka amejilaza mbele, kijana wetu mmoja yuko kwenye usukani, nikamwambia fuata mshale. Anafuata. Mimi naangalia skrini, inasema kilomita zinapungua, kila kitu sawa. Ami akainuka ghafla akasema mwanangu zima injini, sikiza. Tukazima. Tukasikia mawimbi yanavunjika mbele yetu, na ukikaza macho unaona weupe. Tulikuwa tunaenda moja kwa moja juu ya mwamba, kusini ya mlango wa mto. Tuligeuza pale pale, tukatoka nje kwanza, tukatafuta taa za mlango wa mto, tukaingia polepole ami mwenyewe akiwa ameshika usukani na mtu mbele anaangalia maji.

Mashine haikukosea. Nyumbani kulikuwa upande ule ule. Kosa ni kuiomba kitu isichokijua. Siku ya pili, mchana, maji yamejaa, tukaenda tukamaki pointi nje ya mlango kabisa kwenye maji ya buluu, nyingine katikati ya mlango, nyingine ndani, alafu nikaziunga ziwe njia moja, sasa mshale unakupeleka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile ya nje ndo muhimu kuliko zote, ukifika pale simamisha, angalia kwa macho. Mashine yenyewe inaweza kukosea mita 5, siku nyingine 10, na kwenye mlango mwembamba mita 10 ni boti nzima. Ile namba inayoandikwa kwenye skrini, usahihi mita 3, ni makisio ya mashine yenyewe, haikuahidi.

Treki pia ni nzuri, ule mkia wa vitone unaoacha nyuma, unaufuata kurudi. Lakini kumbuka treki uliyoandika maji yamejaa inaweza kupita juu ya jiwe ambalo maji yakipwa liko nje limekauka. Nimeona kijana wa boti nyingine anajivunia treki ya kukata njia ndani ya mwamba, nikamuuliza uliipita maji gani, hakujua. Andika kwenye jina, mimi zangu zina neno JAA ama PWA mwishoni.

Wazee wengine wanasema hiyo kitu inakosea mita 100, hiyo si uongo, ni habari ya zamani. Marekani ndo wenye hizo setelaiti, jeshi lao, na kwa miaka walikuwa wanaichafua signo ya raia makusudi. Waliacha Mei 2000. Mzee aliyejaribu mashine kabla ya hapo ana haki ya kutoiamini, ila mambo yamebadilika.

Dira ya hizi mashine za bei ya chini, nyingi hazina dira ya sumaku ndani. Zinajua unaelekea wapi kwasababu zinalinganisha ulipokuwa sekunde iliyopita na ulipo sasa, ukisimama mshale unazunguka ovyo. Watu wanazima injini wanatoa GPS waangalie Mombasa iko wapi, mshale unawaonyesha Pemba, wanaogopa. Tembea mita chache kwanza, boti iende kwa mwendo hata mdogo, utatulia. Zenye dira ya sumaku nazo zina adabu yake, kila ukibadilisha betri inabidi uizungushe kuisawazisha kama inavyokuelekeza, na usiiweke karibu na injini, spika wala redio. Kuongeza hapo, chukua dira ya kawaida ya sindano, haihitaji betri, bei rahisi, hiyo yetu iko chini ya kiti siku zote.

Urefu wa kwenda juu usiuchukulie maanani sana, niko ndani ya boti naambiwa niko mita 14 juu, mara 9 chini. Setelaiti zote ziko juu yako hakuna hata moja iliyo chini, ndo maana upande huo ni dhaifu.

Mjini Mombasa nayo kwa kweli haina kazi. Niliwahi kutembea nayo kutoka Fort Jesus nikapita Ndia Kuu mpaka kule bandari ya kale, baadaye nikaangalia treki, nimepita juu ya mapaa, nimeingia baharini nikatoka. Vichochoro vya Mji wa Kale vyembamba, kuta ndefu, signo inagonga ukuta wa pili ndo inakufikia, mashine inadhani safari ilikuwa ndefu zaidi. Mgeni akitaka kutembea Mji wa Kale amuulize mtu barazani, atapelekwa mpaka mlangoni.

Na tafadhali, kwa ndugu zangu wanaonunua viwanja huko Kikambala na kwengineko, mashine hii si ya kupima ploti. Nimeombwa mara nyingi nije na GPS yangu niangalie kama bikoni, yale mawe ya mpaka, ziko mahali pake, na kila mara nimekataa. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita 15 kwa 30, mita za mraba 464. Mashine ikikosea mita 3 tu kwenye upana na 3 kwenye urefu unapata 610. Mtu anaweza kugombana na jirani yake mpaka mahakamani kwa kosa la mashine. Kwa shamba la ekari 10 kujua kadiri ni sawa, kwa ploti muite sevea mwenye leseni, vyombo vyake ni vya aina nyingine, vinasoma sentimita.

Betri. Hapa nimepoteza pesa nyingi. Zile za bei rahisi za soko la Kongowea za kutia kwenye rimoti zinaisha kabla ya adhuhuri, hazikutengenezwa kwa kazi hii. Alkalaini nzuri inanipa siku 2 za bahari bila shida. Za kuchaji pia zinafaa na mwishowe ni rahisi zaidi, ila ingia setingi uchague aina ya betri, kwasababu ya kuchaji ina volti 1.2 na alkalaini 1.5, usipochagua mashine inaonyesha betri imekwisha na haijaisha, ama inaonyesha imejaa alafu inazima ghafla. Na ile setingi ya WAAS na EGNOS, izime, hiyo ni ya kusahihisha kwa watu wa Amerika ya Kaskazini na Ulaya, huku kwetu inakula betri bure. Beba jozi nyingine ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, hilo halina mjadala.

Chumvi ndo adui mkubwa. Mashine imeandikwa IPX7, maana yake inastahimili maji ya mita moja kwa dakika 30, watu wanasoma hapo wanaona ni ya kuogelea nayo. Hilo jaribio halina uhusiano na chumvi ya kila siku ya miaka. Kile kifuniko cha mpira cha nyuma kinapoingizwa kebo, kikikosa kufungwa sawasawa siku moja tu, pini zinashika kutu ya kijani. Mimi nikirudi naisuuza na maji matamu, nafuta, natoa betri kama sitoki kesho. Na nyingi haziolei, zinazama kama jiwe, yangu imefungwa kamba na kipande cha boya na ile siku iliponiponyoka hapo Mtwapa hicho kipande ndo kiliiokoa. Usiiache pia juu ya dashibodi ya gari mchana, kioo kinageuka cheusi, kikipoa kinarudi lakini si kila mara. Na kama unavaa miwani ya jua ile ya kuondoa mng'aro wa maji, geuza mashine kidogo ama vua miwani, utadhani skrini imekufa.

Sasa hili nimeliacha la mwisho kwasababu bado linaniuma. Ami yangu anavua bahari hii zaidi ya miaka 30. Miamba yake alikuwa anaijua kwa kuoanisha, mnazi fulani ukae sawa na bomba refu la kiwanda cha simiti Bamburi, jengo fulani lifunikwe na ncha fulani, hapo teremsha. Mwaka wa kwanza wa mashine tulienda nao mmoja mmoja, yeye anaoanisha, akisema hapa, mimi namaki. Tulifika pointi 163. Alikuwa na raha, alisema sasa hata nisipokuwepo wanangu mtakula.

Mwaka jana mashine ikaganda. Nikaipeleka kwa fundi wa simu, akashika vitufe viwili pamoja, ikawaka vizuri kabisa, kama mpya. Mpya kweli. Pointi zote zilikuwa zimefutika. Alinirudishia akiwa na furaha ameitengeneza, hakujua, na mimi sikumwambia kabla. Skuwa nimeandika popote. Mashine hizi zina kebo ya USB, ukiunganisha na kompyuta unanakili faili la pointi kwa dakika moja, miaka miwili sikufanya hivo hata siku moja. Na ami sasa macho yamepungua, mtoto wa jicho, ule mnazi hauoni tena kutoka kule nje. Nlipomwambia alikaa kimya alafu akauliza, zote? Nikasema zote ami. Hakunigombeza.

Kwahivo ukinunua, siku hiyo hiyo nunua na daftari. Langu lina kurasa 200, juu ya kila ukurasa nimeandika WGS84, dakika zenye nukta, S na E, alafu chini jina, namba, kina cha maji, samaki gani, maji ya namna gani. Linakaa nyumbani, haliendi baharini. Na faili nanakili kila mwisho wa mwezi kwenye kompyuta ya dada yangu na najitumia WhatsApp.

Mtu ataniuliza si simu inatosha. Simu ina GPS ya kweli ndani na inafanya kazi bila bando, hilo watu wengi hawajui, kinachokosekana bila data ni ile picha ya ramani, na ukiipakua mapema unayo. Lakini simu hupata msaada wa netiweki ili ishike haraka, huko nje inachelewa, kioo kikilowa maji ya chumvi vidole havishiki, na chaji haifiki jioni. Mimi nabeba zote mbili, simu ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa dharura.

Nyota naipa 4 kwa 5 kwa bahari, 3 kwa shamba na msitu, 1 kwa mjini, na kwa ploti siipi kitu. Kama unaingia baharini kila wiki nunua, mtumba ni sawa ukiijaribu nje, na uongeze pesa kidogo upate inayoolea kama unaweza. Duka nililonunua naipa 2, bei ilikuwa nzuri lakini mtu anauza chombo cha kumrudisha baba wa watu nyumbani na hana hata dakika 5 za kumwambia herufi S iko wapi.

Kwa sasa tumeshapata miamba 43 upya. Ami anakaa mbele na mtoto wake wa mwisho, ana miaka 12, macho yake mazuri. Ami anamuuliza unauona ule mnazi ulioinama, bomba liko upande gani wake, mtoto anamjibu, ami anasema mbele kidogo, kidogo tena, hapo, na mimi namaki. Kusi ikitulia wiki ijayo tunaenda kutafuta ule wa tewa wa yule mzee, huo namba zake ninazo kwasababu alituandikia mwenyewe, na nukta yake ameizungushia duara.